Kutengeneza Vifaa vya Nyumbani vya Kuunda Manyoya ya Mishale

Mshale hunyooka hewani pale manyoya yake matatu yanapokuwa na urefu mmoja, kimo kimoja na umbo moja. Umbo lenyewe, liwe la mgongo wa mviringo au la mkia uliokatwa wima, lina uzito mdogo kuliko usawa huo. Mkono uliozoea mkasi unaweza kutoa unyoya mzuri sana, lakini mishale 12 inadai manyoya 36, na hapo mkono huanza kutofautiana na wenyewe. Kifaa kinatengenezwa kwa ajili ya unyoya wa 36.

Hapa kuna vifaa vinne: kibano cha kusagia uti wa unyoya, kigezo cha mabamba mawili, kikataji cha kugonga kwa nyundo, na kichomaji cha waya wa umeme. Anza na kibano, hata kama hamu yako yote iko kwenye kichomaji. Kimo cha unyoya hupimwa kutoka kwenye uti wake, kwa hiyo uti uliosagwa vibaya unaharibu kila kipimo kinachofuata.

Unyoya unaofaa

Tumia manyoya makubwa ya ncha ya bawa la bata mzinga au bata bukini. Kila unyoya una pande mbili za nyuzi: upande mwembamba uliokakamaa na upande mpana. Upande mpana ndio unaoutaka. Hakikisha unakupa angalau milimita 15 za kimo kwa urefu wote utakaoukata, na kwamba nyuzi zake zimeshikamana. Nyuzi hizo zina vikulabu vidogo vinavyonasana; zikiachana, zipitishe taratibu kati ya vidole kutoka kwenye uti kwenda nje, zitajifunga tena. Unyoya uliokunjamana kwenye hifadhi hurudi katika hali yake ukiushika juu ya mvuke wa maji yanayochemka kwa sekunde chache. Uache ukauke kabisa kabla ya kuukata, kwa sababu unyoya wenye unyevu hulala chini ya makali badala ya kukatika.

Tenga manyoya ya bawa la kulia na ya bawa la kushoto tangu siku ya kwanza, kila fungu katika mfuko wake. Yanajipinda kinyume, na mshale mmoja hauchanganyi mabawa. Ukiyachanganya baada ya kuyakata ni vigumu kuyatambua, hasa yakiwa mafupi.

Pasua uti kwa wembe mpya au kisu chembamba kikali. Laza unyoya juu ya ubao, upande wa chini wa uti ukitazama juu. Utaona mfereji unaokwenda urefu wote wa uti; weka ncha ya wembe humo na ufuate mfereji huo. Wapo wanaoshika nyuzi za nchani na kuzivuta zibanduke na ganda lake. Ni njia ya haraka, lakini ganda linalotoka ni jembamba mno, hujiviringa na halikai wima kwenye gundi. Kwa kazi ya vifaa hivi, pasua.

Kibano cha kusagia

Unahitaji vipande viwili vya alumini bapa, kila kimoja urefu wa milimita 180, upana 25, unene 3. Vishikanishe kwa koleo na utoboe matundu mawili ya milimita 4, kila tundu milimita 8 kutoka mwishoni, kwa pigo moja linalopita vipande vyote viwili. Tia skrubu zenye nati za masikio ili ufunge na kufungua kwa vidole.

Sasa kuna mambo mawili madogo yanayokifanya kibano kifanye kazi. La kwanza, kabla ya kufunga, kunja kila kipande kidogo sana ili vigusane katikati kwanza na miisho yake iachane kwa milimita moja hivi. Skrubu zikikazwa vipande vitanyooka na kubana sawasawa. Ukiviacha vimenyooka tangu mwanzo, skrubu za miishoni zitabana huko tu, na katikati unyoya utateleza wakati wa kusaga.

La pili ni miguu. Vikiwa vimefungwa pamoja, piga tupa ukingo mmoja mrefu hadi uutoe milimita 1.5 kwenye sehemu ya katikati yenye urefu wa milimita 140, ukiacha milimita 20 kila mwisho bila kuguswa. Hiyo miisho miwili ndiyo miguu. Chukua ubao ulionyooka kabisa, au kipande cha kioo kinene, ubandike juu yake karatasi ya msasa namba 80 yenye upana wa milimita 135. Kibano kinakaa kukatisha msasa: miguu inateleza juu ya ubao mtupu pande zote mbili, na uti ulioko katikati unasagwa. Msasa pamoja na gundi yake hula karibu nusu milimita ya ule mwanya, kwa hiyo miguu ikigusa ubao, uti unabaki na unene wa milimita 1 hivi. Hutakiwi kukisia, uti ukiacha kutoa vumbi, umefika.

Bana unyoya kwenye nyuzi zake, uti ukiwa nje ya ukingo uliopigwa tupa na ukiugusa kwa urefu wote. Sukuma kibano mbele na nyuma kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza, uti hulala upande mmoja na kusagika kwa mshazari, nawe utagundua wakati wa kubandika tu, unyoya ukikataa kusimama wima. Ukimaliza na msasa namba 80, pitisha mara chache kwenye namba 150 ili gundi ipate uso laini. Mwisho geuza kibano ubavu na usage ule uso uliopasuliwa kwa kipande cha msasa kilichobandikwa kwenye kijiti, mpaka uti ubaki na upana wa milimita 2 hadi 3.

Vumbi la uti ni jembamba na huwasha koo. Vaa barakoa, na usisagie mahali penye chakula.

Kigezo cha mabamba mawili

Hiki ndicho kifaa rahisi kuliko vyote, na kwa anayetengeneza mishale sita kwa mwaka kinatosha. Chora umbo kwenye karatasi ngumu. Kwa mshale wenye chembe (kichwa cha mshale) nyepesi ya shabaha, urefu wa milimita 100 unafaa; kwa chembe pana au nzito, nenda milimita 125 au zaidi, kwa sababu chembe pana hushika upepo mbele na manyoya ya nyuma lazima yaushinde. Kimo cha juu kabisa kiwe milimita 12 au 13, karibu na mkia, kisha mstari ushuke taratibu kuelekea mbele.

Hamishia umbo hilo kwenye bamba la alumini la milimita 2, kata mabamba mawili makubwa kidogo kuliko mchoro, yafunge pamoja kwenye jiliwa (kibanio cha chuma cha mezani) na uyapige tupa yote kwa pamoja hadi kwenye mstari. Kuyapiga tupa moja moja ni kupoteza muda, maana hayatalingana kamwe. Zungusha kingo kwa msasa mlaini ili zisikwaruze nyuzi.

Unyoya unalazwa kati ya mabamba, uti ukikaa nje na kuegemea ukingo ulionyooka. Bana kwa klipu mbili za karatasi, ukate kwa mkasi mkali ukiufuata ukingo wa mviringo. Kumbuka mwelekeo: sehemu ya unyoya iliyokuwa karibu na mwili wa ndege hukaa mbele ya mshale, na nyuzi zinalala kuelekea mkia. Chora mshale mdogo kwenye bamba kwa kalamu isiyofutika ili usiugeuze. Weka alama hiyo kwenye kila kifaa utakachotengeneza, maana hakuna kosa linaloharibu manyoya mengi kwa mara moja kama kuyakata kinyume.

Kikataji cha kugonga

Kikataji ni makali yaliyokunjwa kwa umbo la unyoya na kukazwa kwenye mbao. Unagonga mara moja, unyoya umetoka. Ubora wake wote unategemea chuma na namna kilivyoegemezwa.

Chuma kinachofaa ni ule ukanda wa chuma unaofungia makreti na mizigo mizito, wenye upana wa milimita 19 na unene wa nusu milimita au zaidi kidogo. Unakunjika ukiwa baridi na unashika makali ya kutosha kwa unyoya. Bleidi ya msumeno wa chuma iliyotiwa ugumu yote huvunjika ukiikunja. Ukitaka kuitumia, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, uifukie kwenye majivu makavu ipoe polepole, ndipo uikunje. Bleidi za kisu cha kukatia karatasi achana nazo, hupasuka vipande na kuruka machoni.

1. Kata milimita 200 za ukanda. Ukiwa bado umenyooka, ufunge kwenye jiliwa pamoja na ubao na upige tupa ukingo mmoja kwa mteremko wa digrii 20 hadi 25, upande mmoja tu. Malizia kwa jiwe la kunolea lenye mafuta. Ni rahisi kunoa chuma kilichonyooka. Baada ya kukunjwa utabaki kugusagusa tu.

2. Gundisha mchoro wako kwenye plaiwudi ya milimita 15, kipande cha milimita 180 kwa 70. Kata kwa msumeno wenye bleidi nyembamba ukiufuata mstari wa umbo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ili plaiwudi igawanyike vipande viwili: kimoja chenye nundu, kingine chenye bonde. Shika msumeno wima. Mkato ukilala, makali nayo yatalala.

3. Kunja ukanda kwa mkono ukiuzungushia boliti ya milimita 12 kwenye kona ya mkia. Kunja zaidi kidogo ya unavyohitaji, kwa sababu chuma hurudi. Mteremko wa makali uwe upande wa nje wa umbo, yaani upande wa taka. Uso wa ndani, unaougusa unyoya utakaoubakiza, lazima uwe wima. Mteremko ukiwa ndani, unyoya hutoka na ukingo uliobonyea.

4. Weka ukanda kati ya vipande viwili vya plaiwudi na uvifinye kwenye jiliwa. Makali yatokeze milimita 4 chini. Mgongo wa ukanda uwe sawa kabisa na uso wa juu wa plaiwudi. Ukitokeza, pitisha tupa.

5. Funika juu kwa bamba la chuma la milimita 3, ulikaze kwa skrubu sita zinazoingia katika vipande vyote viwili. Usiruke hatua hii. Bila bamba hilo, kila pigo la nyundo linausukuma ukanda juu kidogo ndani ya mbao, na baada ya muda mfupi kikataji kinaacha kukata katikati huku miisho ikikata vizuri.

6. Gundisha povu gumu, kama la soli za kandambili, ndani na nje ya makali. Liwe juu kuliko makali kwa milimita 1 au 2. Povu la ndani linaushikilia unyoya kabla makali hayajaugusa, kisha linausukuma nje baada ya pigo. Acha nafasi ya milimita 1 kati ya povu na chuma, la sivyo povu litafinywa kwenye makali na kukatika lenyewe.

Kitako cha kukatia kiwe ubao wa plastiki wa jikoni, ule mweupe mzito. Chuma na kioo huyakunja makali kwa pigo la kwanza, na mbao laini hupata mfereji ambao baadaye nyuzi huzama ndani yake bila kukatika. Kwenye kitako hicho, kaza ukingo wa kuegemezea uti: kipande cha chuma chembamba kilichonyooka, chenye kimo cha milimita 1.5. Toboa matundu mawili yanayopita kikataji na kitako pamoja, na usimamishe kwenye kitako misumari miwili iliyokatwa vichwa, iwe mielekezi. Kikataji kitashuka mahali palepale kila mara.

Makali yaishie milimita moja kabla ya ukingo wa uti. Uti ni mgumu kuliko nyuzi mara nyingi, na ukiuacha ukatwe na kikataji utapata mapengo kwenye makali pale pale panapopita. Miisho ya uti ikate baadaye kwa koleo la kukatia.

Jaribu kwa karatasi ya kawaida kabla ya unyoya. Weka karatasi, gonga mara moja kwa nyundo ya mpira au ya mbao, uitazame kwenye mwanga. Pale ambapo karatasi haikukatika, makali hayafiki kwenye kitako. Bandika utepe wa karatasi mmoja au miwili chini ya kitako mahali hapo na ujaribu tena. Kunoa upya kabla ya kusawazisha kunayala makali bure.

Kikataji kikianza kuacha nyuzi zinazoning'inia kwenye mkia, makali yamefifia kwenye kona. Kona ndiyo hufa kwanza siku zote, kwani hapo chuma kimevutwa kwa kukunjwa. Inoe kwa kijiti kilichoviringishiwa msasa namba 600, ukigusa uso wa nje tu. Manyoya yakitoka na vimo tofauti, kosa haliko kwenye makali: ama uti haukuegemea ukingo, ama vumbi la nyuzi limejaa kwenye kona ya ukingo. Lipulize kila baada ya manyoya machache.

Kichomaji cha waya

Kikataji hufanya kazi kabla ya kubandika, kichomaji baada ya kubandika. Unabandika manyoya mapana yasiyo na umbo, gundi inakauka kabisa, kisha unauzungusha mshale chini ya waya uliopashwa moto. Kwa kuwa kipimo kinatoka kwenye wano (kijiti cha mshale) lenyewe, makosa madogo ya kubandika yanafutika: manyoya yote matatu yanapita chini ya waya uleule. Hata manyoya yaliyobandikwa kwa kuzungukia wano hutoka na kimo sahihi.

Waya ni wa nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromiamu), unene wa milimita 0.8. Hupatikana kwenye majiko ya umeme ya zamani yenye koili wazi. Koili inavutwa na kunyooshwa. Waya wa kikausha nywele ni mwembamba mno, hulegea ukipata moto. Waya wa chuma wa kawaida huungua na kukatika.

Urefu wa waya unaamua kila kitu. Nikromu ya milimita 0.8 ina ukinzani wa omu 2.2 hivi kwa mita. Sentimita 25 hadi 30 ni omu 0.55 hadi 0.65, na kwa volti 5 zitapita ampea 8 au 9. Huo ni wekundu hafifu unaoonekana kivulini, nao ndio unaotakiwa. Chanzo kizuri ni kisanduku cha umeme cha kompyuta ya mezani: nyaya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni za kurudishia. Unganisha nyekundu tatu pamoja na nyeusi tatu pamoja ili zisipate joto, na unganisha wa kijani na mweusi mmoja kupitia swichi ili kisanduku kiwake. Usikifungue kisanduku chenyewe, ndani kuna umeme mkali unaobaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Betri ya gari haifai kuunganishwa moja kwa moja. Volti 12 kwenye waya huo hupitisha ampea 20 hivi. Waya huwa mweupe na kukatika, na kama ncha zikigusana nyaya zote huwaka. Ukilazimika kuitumia, ongeza waya uleule hadi jumla ifike sentimita 70, ukiutandaza ule wa ziada juu ya kigae, na weka fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri. Waya wa ziada nao utakuwa mwekundu, kwa hiyo usiuache mahali mkono unaweza kupita.

Jenga kitako cha ubao wa sentimita 60. Simamisha vipande viwili vya mbao vilivyokatwa kwa umbo la herufi V, kimoja karibu na kila mwisho, wano lilale humo na kuzunguka bila kucheza. Kwenye mwisho mmoja weka kizuizi cha mkia wa mshale, ili manyoya yaanze mahali pamoja kila mara. Kwa kawaida milimita 25 hutosha kati ya mkia wa manyoya na upote (uzi wa upinde). Nyuma ya wano, kaza kipande cha tofali au kigae chenye boliti mbili za shaba nyeupe au chuma, waya ufungwe hapo kwa nati na washa (pete bapa za kuwekwa chini ya nati). Mbao zisiguse boliti.

Kunja waya kwa koleo ukifuata mchoro, uufunge, kisha uupashe moto mara mbili tatu kabla ya kupima chochote. Nikromu ikiwa nyekundu hurefuka kwa karibu asilimia moja, yaani zaidi ya milimita moja kwenye umbo la unyoya, na waya uliopimwa ukiwa baridi utakuwa umeshuka ukiwa moto. Zima, rekebisha, washa, angalia. Kwa mshale wa jaribio, mwanya wa mbele kati ya waya na wano uwe milimita 2 angalau. Waya ukigusa wano la mbao utaliunguza. Ukigusa la alumini au la kaboni umeme utapita humo, maana yote mawili hupitisha umeme.

Zungusha mshale polepole, mwendo mmoja usiosita. Ukisimama, moto hula ndani zaidi na kuacha bonde. Ukienda haraka, unyoya hujikunja chini ya waya na kuinuka tena baada ya kupita, ukiwa na kimo kirefu kuliko wenzake. Rudia mzunguko wa pili kila mara. Ukingo utakuwa na majivu meusi, yafute kwa mswaki mkavu.

Moshi wake unanuka vibaya na unashika kwenye nguo. Fanya kazi nje au mbele ya dirisha, weka ndoo ya mchanga karibu, na ondoa mezani manyoya yaliyolegea na kopo la vanishi. Wano lililopakwa vanishi lazima liwe limekauka siku nzima au zaidi. Manyoya ya plastiki yasiguswe na waya huu kabisa. Huyeyuka, hudondoka yakiwaka, na moshi wake ni sumu.